KUPUNGUA KWA HIARI SI UGONJWA

Mtu wa Mpanda akikutana sokoni na jamaa ambaye hajamwona kwa miezi kadhaa, salamu haziishi kabla mwili haujakaguliwa. Aliyenenepa huambiwa kwamba amenawiri, kwamba maisha yamemkubali, naye hutabasamu. Aliyepungua hupokewa kwa sura nyingine. Huulizwa kwa sauti ya chini kama alikuwa mgonjwa, na hata akieleza kwamba ameacha sukari na kwamba hutembea kwa miguu kila alfajiri, wasikilizaji huitikia kwa mdomo tu huku mioyo ikibaki na dhana yake. Akigeuka, maneno huanza.

Gazeti hili linapenda leo kulizungumza jambo hili waziwazi, kwa sababu maneno hayo ya sokoni yana gharama. Wako wenzetu walioshauriwa na daktari kupunguza uzito, wakajitahidi, wakapungua kilo tano au sita, kisha wakairudia sahani ya zamani ili majirani wanyamaze. Mtu wa namna hiyo hakushindwa na njaa wala na uvivu. Alishindwa na macho ya watu. Hatuna budi kuambiana ukweli kwamba kupungua kwa hiari si ugonjwa, na kwamba mwili uliozidi kipimo si ushahidi wa neema.

Hofu hiyo ina asili yake, wala si haki kuibeza. Wazee wetu waliijua miaka ya njaa, na katika miaka hiyo mwenye mwili ndiye aliyeonekana kuwa na akiba ghalani. Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wananchi waliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya wembamba. Kwa miaka mingi iliyofuata, kukonda kulikuwa kama tangazo la msiba. Ni wepesi kuelewa kwa nini mama mtu mzima, aliyewazika ndugu zake katika miaka hiyo, hushtuka anapomwona mwanawe amepungua mashavu.

Lakini nyakati zimebadilika. Dawa za kufubaza virusi zinapatikana, na anayezitumia ipasavyo huishi na mwili wake wa kawaida. Wembamba wa mtu haumwambii jirani lolote kuhusu damu yake, wala unene haumthibitishii mtu kwamba yu salama. Hata hivyo jambo moja lisichanganywe. Mtu anayepungua pasipo kutaka, hali anakula kama kawaida, au anayepungua huku akikohoa, akitoka jasho usiku, au akiona kiu na kukojoa kupita kiasi, asikae nyumbani kusubiri. Huyo aende hospitali upesi, maana kifua kikuu na kisukari chenyewe huanza hivyo. Tunayemtetea hapa ni yule anayepungua kwa kujua anafanya nini.

Kwa nini jambo hili lizungumzwe sasa? Katikati ya miaka ya 1980 madaktari wakiongozwa na Dk. Donald McLarty wa Muhimbili waliwapima wakazi wa vijiji sita vya Tanzania Bara. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989, yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ukawakuta wenye kisukari kuwa 9 katika kila mia, na wenye shinikizo la juu la damu kuwa karibu 26 katika kila mia. Umri wa waliopimwa na njia za upimaji havikuwa sawa, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuweza kuelezwa kwa sababu hiyo peke yake. Kuhusu uzito wenyewe, uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 uliona kwamba wanawake 28 katika kila mia walikuwa wamezidi kipimo, na ule wa mwaka 2022 ukaona kwamba wamepita theluthi moja.

Msomaji wa Katavi aweza kusema kwamba hizo ni habari za Dar es Salaam, na kwamba sisi huku tatizo letu ni udumavu wa watoto. Ni kweli kwamba udumavu upo. Mwaka 2022 watoto 30 katika kila mia wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na mkoa wetu, pamoja na mahindi yake yote na mpunga wake wote, ulikuwa juu ya wastani huo. Lakini yafaa ieleweke kwamba udumavu wa mtoto na unene wa mtu mzima huweza kulala chini ya paa moja na kula katika sufuria moja. Ugali mwingi na mboga kidogo humdumaza mtoto, kwa kuwa humnyima vijenga mwili, na humnenepesha mzazi asiyefanya kazi ya kutoa jasho. Isitoshe, mtoto aliyepungukiwa lishe tangu tumboni, akikua na kukutana na vyakula vingi vya sukari na mafuta, mwili wake huwa mwepesi kushikwa na kisukari kuliko wa mwingine. Kwa hiyo mkoa wenye udumavu ndio unaopaswa kuuogopa unene zaidi.

SAHANI YA MWENYE JEMBE

Mji wetu ulikua kwa jasho. Ulikua kwa mgodi wa risasi wa Uruwira na kwa reli iliyojengwa kutoka Kaliua ili kuyasafirisha madini hayo. Wachimbaji, makuli wa stesheni, na wakulima wa pembezoni walikula milima ya ugali kwa sababu walikuwa na kazi ya kuimaliza. Mkulima wa Kakese au wa Mishamo anayeshika jembe tangu mvua za Novemba mpaka mavuno hana haja ya kusoma tahariri hii. Sahani yake na kazi yake zinalingana.

Tangu Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, mambo mengi yamebadilika, na mengi ni ya heri. Ofisi zimeongezeka, maduka yameongezeka, lami imefika kutoka Tabora, na pikipiki ya abiria inamchukua mtu mlangoni kwake Makanyagio na kumshusha mlangoni pa ofisi yake. Kazi imehama kutoka mikononi hadi kwenye kiti. Kilichosahauliwa kuhama ni sahani. Karani na mwenye duka wanakula sahani ya mwenye jembe, kisha wanaongeza juu yake vitu ambavyo mwenye jembe hakuwa navyo: chipsi za jioni, maandazi ya saa nne, soda ya kumkaribishia mgeni, na bia mbili za mwisho wa wiki zisizoisha kuwa mbili.

Hatusemi watu washinde njaa, wala hatusemi watafute vyakula vya kigeni. Katika eneo letu kila kinachohitajika kipo. Yapo maharage na karanga, ipo migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoshushwa Karema na Ikola, upo uyoga wa misituni wakati wa mvua, kipo kisamvu, matembele na mlenda. Linalotakiwa ni kuigeuza sahani. Leo ugali huchukua nafasi kubwa, na mboga huwekwa pembeni kama kiungo cha kulainishia tonge. Nusu ya sahani na iwe mboga za majani, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo iwe ugali au wali. Na ugali huo ukiwa wa dona, utashibisha kwa muda mrefu kuliko ule wa sembe, maana dona haijanyang'anywa kiini na pumba zake.

Mafuta ya kupikia yana nguvu nyingi katika ujazo mdogo, na katika majiko mengi humiminwa kwa kukadiria kutoka kwenye dumu. Mpishi ayapime kwa kijiko. Hilo ni jambo dogo, lakini hurudiwa kila siku, mara mbili kwa siku, mwaka mzima.

Sukari nayo yafaa ihesabiwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja katika kumi ya nguvu zote ambazo mwili hupata kutokana na chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na ni bora zaidi isipite gramu 25. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu vidogo, amekwisha kutumia karibu gramu 36. Akiongeza chupa moja ya soda, ambayo peke yake ina zaidi ya gramu 30, amepita mpaka kabla hajagusa andazi. Wala asidanganyike kwamba asali ya misitu yetu haihesabiwi. Ni tamu, ni ya halali, na ni sukari.

KUPUNGUA NA KUTORUDI

Sasa tufike kwenye shina la jambo hili. Kupungua si kazi kubwa. Watu wengi wamewahi kupungua katika maisha yao, wengine mara tatu au nne. Kazi ni kutorudi. Anayejinyima chakula kwa mwezi mmoja kwa ajili ya harusi hupungua kwa haraka, harusi ikapita, na baada ya msimu mmoja uzito wote umerudi, pengine na nyongeza.

Sababu haiko katika ulegevu wa moyo peke yake. Mwili wa binadamu uliumbika kuishi katika ulimwengu wa njaa, nao haujui kutofautisha ukame na hiari. Ukinyimwa chakula ghafla, hubana matumizi yake, hupunguza nguvu inazochoma hata katika mapumziko, na huzidisha ishara za njaa. Nchini Marekani, katika miaka ya 1944 na 1945, vijana 36 walijitolea kulishwa chakula pungufu kwa nusu mwaka ili wataalamu wajifunze namna ya kuwahudumia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walikonda sana. Chakula kiliporudishwa walikula kwa pupa ambayo wenyewe hawakuielewa, na mafuta ya mwili yalirudi mbele ya misuli. Ndivyo anavyofanyiwa na mwili wake kila anayepungua kwa kujitesa.

Anayepungua kwa mazoea anayoweza kuishi nayo mpaka uzeeni ana nafasi nzuri zaidi ya kubaki alipofika. Wala halazimiki kupungua sana ili afaidike. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002, uliowahusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, ulilenga wapungue asilimia 7 tu ya uzito wao na watembee kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Kati yao waliofuata utaratibu huo, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58, kiasi kilichoishinda dawa iliyolinganishwa nao. Kwa mtu mwenye kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo sita. Kilo sita ndizo zile zile ambazo majirani huzisemea.

Tangu mwaka 1994 wataalamu wa nchi hiyo wamekuwa wakiandikisha watu waliopungua sana na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi, ili wajue siri yao. Waliyoyakuta hayana uganga. Watu hao hutembea au hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Hujipima uzito mara kwa mara, ili ongezeko la kilo moja au mbili liwashtue kabla halijawa kumi. Na hula kwa namna ile ile siku za kazi na siku za sikukuu. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hawa huziba ufa kila wiki.

Mwananchi asiye na mizani nyumbani naye asikate tamaa. Achukue kamba, aipime tangu kisigino hadi utosini, aikate, kisha aikunje katikati. Kamba hiyo iliyokunjwa ikiweza kuzunguka kiuno chake usawa wa kitovu na ncha zikakutana, yu katika hali njema. Zisipokutana, mafuta yamejaa tumboni, na mafuta ya tumbo ndiyo yenye madhara makubwa kwa moyo na kwa sukari ya damu. Aitunze kamba hiyo. Ni kipimo kisichohitaji betri wala nauli.

Na mwendo je? Kutoka Nsemulwa au Kawajense hadi katikati ya mji si safari ya kumshinda mtu mwenye miguu mizima. Anayekwenda kazini kwa pikipiki asubuhi na kurudi kwa pikipiki jioni, na ajaribu kurudi kwa miguu siku tano za wiki. Nusu saa mara tano ni dakika 150. Hatumnyimi dereva riziki yake. Asubuhi bado ni yake.

Hapa tunalazimika kutoa onyo. Pamoja na hamu ya kupungua umekuja umati wa wauzaji wa chai, vidonge na maji ya ajabu, wanaoahidi kwamba tumbo litakwisha ndani ya siku kumi na mteja aendelee kula atakavyo. Chai nyingi za namna hiyo ni dawa za kuharisha, na kinachopungua ni maji. Baadhi ya vidonge vilivyokamatwa katika nchi mbalimbali vilikutwa vimefichwa ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuhatarisha moyo. Zipo dawa za kweli za kutibu unene, lakini hizo hutolewa na daktari anayemfahamu mgonjwa wake. Mwananchi asinunue chochote cha kumeza ambacho hakikusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hata kama anayekiuza ni shemeji yake.

WAJIBU WETU SOTE

Ingekuwa makosa kumwachia mtu mmoja mmoja mzigo huu wote. Nchi yetu ina historia ya kuyafanya mambo ya afya kuwa ya umma. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na walipomaliza kusikiliza walichukua majembe wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Watu hawakuambiwa tu. Walifanya pamoja, na aliyefanya hakuonekana wa ajabu, kwa sababu jirani yake alikuwa anafanya vile vile. Hilo ndilo somo. Mazoea mapya humshinda mtu akiwa peke yake, lakini kijiji kizima kikiyashika, yanakuwa desturi.

Mwezi Desemba mwaka 2016 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Yafaa kila mtaa wa Mpanda ujiulize kwa uaminifu ni Jumamosi ngapi imezitimiza. Viongozi nao wajiulize ni vikao vingapi vya kuhimiza afya ambavyo wajumbe wake waliwekewa mezani soda na sambusa.

Kwa Manispaa tunatoa ombi moja lililo wazi: kila barabara inayotengenezwa iwe na njia ya mwenda kwa miguu iliyo salama na yenye kivuli, na viwanja vya wazi vilivyobaki visigawiwe kwa ujenzi. Mji unaokua bado unaweza kujichagulia sura yake. Ukishajaa, hautaweza tena. Kwa walimu tunaomba kipindi cha michezo kisiliwe na masomo mengine. Kwa wahudumu wa zahanati tunaomba kila mtu mzima anayefika, hata kwa ugonjwa mwingine, apimwe uzito, kiuno na shinikizo la damu, na aelezwe maana yake kwa lugha ya heshima. Mtu aliyedhihakiwa kwa unene wake harudi kupimwa mara ya pili.

Na kwa wananchi wote ombi letu ni dogo kuliko yote, nalo halihitaji bajeti. Ukimwona ndugu yako amepungua, usimwulize anaumwa nini. Mwulize habari zake, umsikilize. Akikuambia kwamba anatembea kila alfajiri, mwambie kesho akupitie muende wote. Kisukari kikishaingia katika nyumba, hakitoki kwa wepesi. Huja na safari za hospitali, na huweza kuja na kidonda kisichopona, macho yenye giza na figo zilizochoka, na mashamba huuzwa kulipia hayo. Mkoa wetu ungali mchanga, na sehemu kubwa ya watu wake bado wanajua kazi ya jembe na ladha ya mlenda. Tukiyashika hayo wakati bado tunayo, wajukuu wetu hawatalazimika kufundishwa upya na madaktari jinsi mababu zao walivyokuwa wakiishi.